Kishikwambi Kisicho na Jina Kubwa: Kisa cha Kampuni ya Majokofu

Kuhusu kisa hiki

Jina la kampuni, mahali ilipo, miaka na aina halisi ya vifaa vimeondolewa. Vishikwambi viwili vinavyolinganishwa nimeviita A na B. A ni cha kampuni kubwa ambayo kila mtu anaijua. B ni cha mtengenezaji mdogo ambaye hata wauzaji wengi hawajamsikia. Bidhaa zinazotajwa kwa majina yake kwenye uchambuzi ni za historia inayojulikana, na hakuna iliyotumika katika kisa chenyewe.

Usuli

Kampuni inahudumia vyumba vya baridi, mashine za barafu na viyoyozi vya majengo makubwa. Mafundi wake hushinda juu ya mapaa na ndani ya vyumba vya mashine, mikono ina mafuta, glavu hazivuliwi kila dakika. Kwa muda mrefu walitembea na fomu za karatasi na vitabu vya maelekezo vilivyochanika. Fomu zilirudi ofisini zimelowa, nyingine hazikurudi kabisa. Mteja akilalamika kwamba jokofu lilihudumiwa vibaya, hapakuwa na mtu wa kuonyesha presha ya gesi ilisomeka ngapi kwenye ziara iliyopita.

Ikaamuliwa kila fundi apewe kishikwambi. Kazi zilizotarajiwa zilikuwa tatu tu: kufungua vitabu vya mashine katika faili za PDF, kujaza fomu ya huduma, na kupiga picha pamoja na kuchukua saini ya mteja. Ufinyu wa orodha hiyo ndio uliozaa kila kilichofuata, kizuri na kibaya.

Vifaa viwili mezani

Ukivilaza viwili hivyo ubavu kwa ubavu bila kuangalia nembo, B kilishinda bila ubishi. Kioo chake kilisomeka juani. Kiliitikia kidole chenye glavu. Betri ilitoka nyuma kwa kubonyeza kitasa, kwa hiyo fundi angeweza kubeba ya akiba mfukoni na kufanya kazi kutwa bila kutafuta umeme. Kilikuwa na kumbukumbu kubwa zaidi, na ganda lake lilistahimili kuangushwa.

A kilikuwa chembamba, kizuri, na betri yake imegundishwa ndani. Kioo chake kikiwa juani hugeuka kuwa cha kujitazamia. Ila kilikuja na mambo ambayo hayaonekani mezani: ahadi ya maandishi kuhusu muda wa masasisho ya usalama, duka kamili la programu, njia ya ofisi kusajili na kufunga vifaa vyote kwa mbali, na makava ya kila aina kutoka kwa watengenezaji wengine.

B kiliendeshwa na Android, lakini ile ya msimbo wazi ambayo mtengenezaji yeyote anaweza kuichukua bila kibali. Hakikuwa na leseni ya huduma za Google. Maana yake ni kwamba hakina Play Store, na hakina zile sehemu za chini kwa chini ambazo programu nyingi huzitegemea kupokea arifa, kujua mahali ulipo, au kuthibitisha kwamba kifaa ni halali. Mtengenezaji alikuwa na duka lake dogo. Kuhusu masasisho, muuzaji alisema “yatakuja kama kawaida”. Hakuna aliyeuliza kawaida hiyo imeandikwa wapi.

Mabishano ndani ya ofisi

Mkuu wa mafundi alitaka B, na hoja yake ilikuwa nzuri kuliko inavyosikika kwa mara ya kwanza. Alisema: hatununui duka la programu, tunanunua kifaa cha kufanya kazi tatu. Duka la mwenzake liwe na programu laki ngapi, fundi wangu hatafungua hata kumi. Akaongeza kwamba kishikwambi kisichosomeka juani, kwa mtu anayefanya kazi juu ya paa, hakisomeki kabisa.

Msimamizi wa mifumo alitaka A. Kwake swali lilikuwa nani atakayekishughulikia kifaa hiki mwaka wa tatu. Mhasibu alisema kwa kifupi kwamba rahisi ni ghali, msemo ambao hapa haukuhusu kabisa, kwa sababu tofauti ya bei kati ya vifaa hivyo ilikuwa ndogo.

Ukiwasikiliza vizuri, wale wawili wa kwanza hawakuwa wakipingana. Mmoja alikuwa akieleza siku ya fundi, mwingine akieleza umri wa kifaa. Kikao kilichukulia kwamba lazima mmoja wao awe amekosea, na kikapiga kura.

Uamuzi na sababu zake

B kilipita. Msimamizi wa mifumo alikubali kwa masharti mawili, na masharti hayo yaliokoa mengi baadaye.

La kwanza, fomu ya huduma isitengenezwe kama programu ya kusakinishwa kwenye kifaa. Itengenezwe kama programu ya wavuti inayofunguka ndani ya kivinjari, yenye uwezo wa kuhifadhi kazi bila intaneti na kuituma mtandao ukirudi. Sababu yake: programu ya kusakinishwa huandikwa kwa ajili ya mfumo fulani, na mfumo ukifa nayo inakufa. Ukurasa wa wavuti hufunguka kwenye kifaa chochote chenye kivinjari cha kisasa.

La pili, kisihifadhiwe chochote kwenye kishikwambi peke yake. Picha, saini na vipimo viende kwenye seva ya kampuni, na vitabu vya PDF vitoke huko huko.

Hapakuwa na sharti la tatu ambalo lingewataka wakae na mafundi na kuorodhesha vifaa vya watu wengine ambavyo mashine za wateja zinaweza kuja navyo. Wakati ule mashine nyingi zilionyesha namba ya hitilafu kwenye kioo kidogo mlangoni, fundi akaitafuta kwenye kitabu. Kila mtu alidhani itaendelea hivyo.

Mambo yalivyofuatana

Kipindi cha kwanza kilikuwa kizuri mno. Fundi alitafuta namba ya hitilafu ndani ya PDF kwa sekunde chache badala ya kufunua kurasa. Fomu zilifika ofisini kabla fundi hajashuka paani. Betri za akiba zilitumika kama ilivyotarajiwa. Mafundi walikipenda kifaa, na hilo si dogo: kifaa ambacho watu hawakipendi huachwa ndani ya gari.

Tatizo la kwanza lilikuwa la arifa. Karani wa zamu alikuwa akituma kazi za dharura kupitia programu ya ujumbe. Kwenye simu ziliingia papo hapo. Kwenye B ziliingia pale tu fundi alipoifungua programu mwenyewe, wakati mwingine saa nzima baadaye, samaki wa mteja wakiwa wameanza kuyeyuka. Programu ile ilitegemea huduma ya Google kuamshwa, na huduma hiyo haikuwepo. Walihamia programu nyingine inayoweka muunganisho wake yenyewe na seva. Signal, kwa mfano, huweza kufanya hivyo kwenye vifaa visivyo na huduma za Google. Arifa zikafika. Betri nayo ikaanza kuisha mapema, kwa kuwa programu ililazimika kukaa macho muda wote. Kwa sababu betri ilitoka na kubadilishwa, hakuna aliyelalamika sana.

Tatizo la pili lilitokea siku fomu iliposasishwa. Kwenye kompyuta za ofisini ilifunguka. Kwenye vishikwambi vya B ikaleta ukurasa mweupe. Kivinjari kilichokuja na kifaa kilikuwa cha zamani, na hakikuwa na njia ya kujisasisha. Kwenye Android yenye Play Store, kivinjari na ile sehemu inayoonyesha kurasa ndani ya programu nyingine husasishwa kupitia duka, bila kusubiri mfumo mzima. Kwenye B vyote vilisubiri mtengenezaji, na mtengenezaji alikuwa kimya. Msimamizi alichukua kivinjari cha Firefox moja kwa moja kwa watengenezaji wake na kuisakinisha kwa mkono, kifaa kimoja baada ya kingine. Ilikuwa dawa sahihi kuliko alivyojua wakati ule. Firefox hubeba pia orodha yake yenyewe ya vyeti vya usalama vinavyoaminika (uthibitisho wa kidijitali kwamba tovuti ni halali), haitegemei ile ya mfumo. Tarehe 30 Septemba 2021, cheti kikongwe kilichotegemewa na tovuti nyingi zinazotumia vyeti vya Let’s Encrypt, shirika linalotoa vyeti hivyo bure, kilipoisha muda, vifaa vingi visivyosasishwa duniani vilianza kukataa tovuti nzima nzima zisizo na kosa lolote. Kwa Android za zamani, njia ya mpito ilikuwa imeandaliwa, na Let’s Encrypt yenyewe iliwashauri wenye vifaa hivyo watumie Firefox.

Tatizo la tatu ndilo lililogeuza kisa. Mtengenezaji mmoja wa vidhibiti vya kompresa, pampu inayobana gesi ya jokofu, aliacha kuweka kioo cha namba za hitilafu kwenye mashine zake mpya. Badala yake fundi alitakiwa kusogea na kifaa chenye Bluetooth na kufungua programu maalumu, isome hitilafu, historia ya joto na mipangilio. Programu hiyo ilipatikana kwenye maduka mawili makubwa tu. Kwenye duka la B haikuwepo, na hapakuwa na dalili kwamba ingekuja: nani atatengeneza toleo la tatu kwa watumiaji wachache kiasi hicho?

Fundi mmoja mjanja aliipata kwenye tovuti ya kupakua programu isiyo rasmi. Ilisakinika, ikafunguka, ikakagua kifaa na kujifunga kwa madai kwamba kifaa hakijathibitishwa. Msimamizi alipopata habari alikasirika, na alikuwa na haki. Programu iliyochukuliwa kwenye tovuti ya namna hiyo inaweza kuwa imetiwa chochote ndani, na kishikwambi hicho hicho kilikuwa kimeingia kwenye seva yenye anwani na saini za wateja.

Kwa muda mafundi walitumia simu zao binafsi. Hapo kampuni ilikuwa imerudi ilikotoka kwa mlango wa nyuma: taarifa za mteja kwenye simu ya mtu, picha zisizofika kwenye seva, na fundi akiacha kazi anaondoka nazo.

La nne lilikuja polepole. Betri za kwanza zilianza kuchoka. Mtengenezaji alikuwa ameshatoa toleo jipya la B lenye betri ya umbo jingine, na ya zamani haikutengenezwa tena. Makava yake yenye mkanda wa mkononi nayo hayakupatikana tena. Sifa iliyokipa B ushindi mezani, betri inayotoka, ikabaki kitasa cha plastiki kisicho na kazi.

Matokeo

Kampuni haikuvitupa vishikwambi vya B. Iligawa kazi. Mafundi wa mashine mpya walipewa A, wakaambiwa wakifunike kwa mkono kikiwa juani, jambo ambalo wanalilalamikia hadi leo. B vikabaki kwa mafundi wa mashine za zamani na kwa wanagenzi, kwa kusoma vitabu na kujaza fomu. Viliwekwa kwenye mtandao wao wa peke yao, usiofika kwenye kitu kingine chochote cha ofisi isipokuwa seva ya fomu, kwa kuwa masasisho ya usalama yalikuwa yamekoma bila tangazo.

Kuhamia A kulichukua muda mfupi sana. Fundi alifungua kivinjari, akaingiza nywila, na fomu zake zote zikawa pale. Masharti yale mawili yalilipa siku hiyo.

Uchambuzi

Jibu jepesi lingekuwa kwamba walinunua kifaa kibaya. Sioni hivyo. Kwa kazi tatu zilizoandikwa, B kilikuwa bora, na kwa mafundi wa mashine za zamani bado ni bora. Kilichokosewa ni kuhesabu programu walizohitaji wao na kusahau programu ambazo ulimwengu wa kazi yao ungewadai kesho. Mtengenezaji wa kompresa hakuwa kwenye kikao. Hata hivyo uamuzi wake ulikuwa na uzito kuliko kura zote zilizopigwa mle ndani, na alipoufanya hakuwafikiria wenye B hata kidogo. Wingi wa watumiaji una faida hiyo: watu usiowajua wanakuzingatia bila wewe kuwaomba.

Historia ya vishikwambi imejaa mifano ya jambo hili hili kwa kiwango kikubwa zaidi. HP TouchPad ilianza kuuzwa Marekani tarehe 1 Julai 2011 kwa dola 499, bei ile ile ya iPad ya kuanzia. Mfumo wake, webOS, ulisifiwa na wengi kwa namna ulivyobadilisha kazi moja kwenda nyingine. Baadhi ya mawazo yake yanaonekana kwenye simu zetu za sasa. Lakini ilizinduliwa na programu mia chache zilizotengenezwa kwa ajili yake, mbele ya mpinzani aliyekuwa sokoni tangu Aprili 2010. Tarehe 18 Agosti mwaka huo huo HP ikatangaza kuiacha. Bei ilipoporomoka hadi dola 99, watu waliigombania. Hilo linaonyesha kwamba kifaa hakikuchukiwa. Watu walikuwa wakikataa kulipa bei ya mwenye duka kamili kwa kitu kisicho na duka kamili.

BlackBerry PlayBook ya Aprili 2011 ni mfano mchungu zaidi, kwa sababu jeraha ilijitia yenyewe. Ilitoka bila programu yake ya barua pepe wala kalenda, kutoka kwa kampuni iliyojulikana kwa barua pepe. Ulitakiwa kuiunganisha na simu ya BlackBerry. Programu hizo ziliongezwa Februari 2012, pamoja na uwezo wa kuendesha baadhi ya programu za Android. Naye Microsoft, mwenye fedha zote hizo, alitoa Surface RT Oktoba 2012 ikiwa na sura ya Windows lakini isiyoendesha programu za kawaida za Windows ambazo watu walikuwa nazo tayari. Julai 2013 alitangaza kufuta dola milioni 900 za thamani ya vifaa hivyo vitabuni. Fedha peke yake haikununua watengenezaji wa programu.

Wapo walioweza, na njia zao ni za kuangalia. Amazon ilitoa kishikwambi chake cha Kindle Fire Novemba 2011 bila Play Store, kwa dola 199. Kama B, ilijengwa juu ya Android ya msimbo wazi. Tofauti ni kwamba Amazon ilikuja na vitabu, filamu na muziki wake, duka lake, na wateja ambao tayari kadi zao zilikuwa kwake. Haikungoja mtu mwingine ailetee kilichokosekana. Njia ya pili ni ya reMarkable, kishikwambi cha kuandika kwa kalamu kilichotoka 2017. Hicho hakikuingia kabisa kwenye mbio za programu. Kinanunuliwa na watu wanaotaka daftari, na kukosa michezo na mitandao ya kijamii ni sehemu ya kile wanacholipia.

B hakikuwa na njia yoyote kati ya hizo. Mtengenezaji wake hakuwa na nyumba yake kama Amazon, na hakukiuza kama kifaa cha kazi moja. Alikiuza kama kishikwambi cha kawaida chenye maumbile bora, na maumbile bora yananakilika: A wa miaka ijayo anaweza kuwa na kioo kinachosomeka juani, B hawezi kupata Play Store kwa kutaka tu.

Kilichofanya kazi ni uamuzi wa fomu ya wavuti. Uliwapa muda, ukawapa pa kutokea. Ningemshauri yeyote anayenunua kifaa kisicho na umaarufu aanze na hilo kabla ya kugusa kioo au betri: kazi yangu inaweza kuhama na mimi au imefungwa humu? Ikiwa inaweza kuhama, hatari ya kifaa kufa inapungua hadi gharama ya kifaa chenyewe. Ikiwa haiwezi, hata kifaa maarufu ni hatari, kwa kuwa nacho huachwa siku moja.

Kuna kitu kingine ambacho hakikujadiliwa kikaoni, na mimi nakipa uzito kuliko watu wengi. TouchPad ilipoachwa, watu wa kujitolea waliiwekea Android kupitia CyanogenMod, toleo la Android lililotengenezwa na watu wa kujitolea, na wengine waliendelea kuitumia miaka mingi baada ya HP kuondoka. Iliwezekana kwa sababu mlango wa kuweka mfumo mwingine haukuwa umefungwa vikali, na wamiliki walikuwa wengi baada ya lile punguzo la bei. B kilikuwa na kufuli linalokataa mfumo wowote usiosainiwa na mtengenezaji. Kampuni ilimwandikia kuomba njia ya kulifungua, kwa kuwa yeye mwenyewe hana mpango wa kutoa masasisho. Hadi naandika haya, jibu halijaja. Kwa hiyo kwenye hati mpya ya manunuzi ya kampuni, chini ya muda wa masasisho na upatikanaji wa betri, kimeongezwa kifungu kinachomtaka muuzaji aandike kama kufuli hilo linafunguka, kwa utaratibu gani, na kwamba litaendelea kufunguka hata akiacha kukihudumia kifaa.